Mbabula ya Mama na Baridi Iliyokataa Kufika

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa na kisingizio kizuri sana, nacho kilikuwa baridi.

Mama akipiga simu kutoka Lubumbashi na kuuliza ni lini atakuja kuniona, nilimjibu asubiri kwanza baridi ipite. Baridi ikipita, nilisema kazi ni nyingi. Kazi ikipungua, baridi ilikuwa imesharudi. Nakuambia, kisingizio hiki hakichakai. Kinajirudia chenyewe kila mwaka, na watu wa nyumbani hawana namna ya kukikagua. Niliwaeleza kwamba hapa Brussels baridi inapita ukutani. Niliwaeleza kwamba ukitoka nje na nywele mbichi, zinaganda na kukatika kama tambi kavu. Hiyo ya tambi niliitunga jioni moja nikiwa nimechoka, ikazunguka mtaa mzima, na mpaka leo sijui kwa nini watu waliipenda kiasi kile.

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo na wa aibu. Dushi yangu ilikuwa jikoni.

Nieleze kidogo, maana asiyezijua nyumba za zamani za mtaa wa Ixelles atadhani natania. Ni nyumba ndefu, nyembamba, zilizojengwa kila moja kwa ajili ya familia moja, kisha baadaye zikagawanywa vipande. Aliyegawanya yetu alipofika kwenye kipande changu, ghorofa ya nne chini ya paa, nadhani alikuta amesahau bafu. Akasimamisha kibanda cha kuogea kati ya jiko na friji, akatundika pazia la plastiki, akaenda zake. Chumba kingine ni kimoja tu, cha kulala na cha wageni hichohicho. Nami katika mwaka wangu wa kwanza, nikiwa bado na kiburi cha mtu aliyeshuka juzi kwenye ndege, nilimwambia Mama kwamba nina appartement yenye salon na salle de bain, yaani sebule na bafu la peke yake. Alifurahi. Alilisema kanisani. Baada ya hapo, ningeanzia wapi kulirudisha?

Basi jikoni nilikuwa na pazia la plastiki, na kwenye simu nilikuwa na pazia la baridi. Yote mawili yalifanya kazi vizuri mpaka mwaka ule ambao majira ya baridi yalikataa kuja.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alifika mwezi wa tisa kusoma chuo kikuu. Alipata chumba cha wanafunzi si mbali na kwangu, na kila Jumapili alikuja kula bukari, ule ugali wetu wa Katanga. Jumapili ya kwanza kabisa alipovuta pazia lile akakuta sabuni na sponji, aliniangalia, akaangalia chungu cha sombe, majani ya muhogo, kilichokuwa kikichemka hatua moja tu kutoka pale, akaniangalia tena. Nilimwapisha palepale. Mama asijue.

"Tantine, naapa," alisema, mkono juu ya friji kwa kuwa hapakuwa na Biblia karibu.

Kiapo chake alikitunza kabisa. Kosa langu ni kwamba sikumwapisha kuhusu hali ya hewa.

Kila mgeni anayefika kutoka nyumbani nampa masomo yangu ya baridi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu haumtoki mtu kwa sababu tu amebadilisha kazi. Siku hizi nahudumia wazee katika nyumba ya wazee, na hata wao nawafundisha kufunga vifungo. Kwa hiyo nilimketisha mpwa wangu nikamweleza. Vaa nguo nyingi nyepesi, usivae moja nzito tu, kwa sababu joto linakaa katikati ya nguo na nguo. Soksi zisikubane, damu ipite. Kofia ifunike masikio, hata kama umesuka vizuri na unataka watu waone. Nilimkabidhi na koti la sufi lililonipokea mimi mwenyewe, zito kama mtu aliyelala, nikamwambia, "Mwezi wa kumi na moja utanishukuru."

Mwezi wa kumi na moja alikuja kwangu na fulana tu.

"Tantine, hii njo hiver?" aliuliza. "Ile baridi uliyotuogopesha nayo?"

"Ngoja," nilimwambia. "Bado."

Ikaja Krismasi. Mzee wa ghorofa ya chini, Mbelgiji mstaafu ambaye ua letu la nyuma ni lake, ana kipimajoto ukutani, na kila tukikutana kwenye ngazi hunitangazia kinachosomeka, kama mtu wa redio. Mwaka ule alitangaza kwa sauti ya msiba. "Quatorze, madame. Kumi na nne! Siku ya Krismasi!" Akanipeleka uani nione. Ua lake jekundu la kwenye chungu, ambalo kila mwaka hufa mwezi wa kumi, lilikuwa limechanua wazi bila aibu. Mbu mmoja alipita mbele ya pua yangu. Nilimsikitikia mzee, kisha nikajisikitikia mwenyewe, maana nilianza kuona hatari inakotokea.

Dalili zilikuwa kila mahali kwa mtu mwenye kisingizio cha kulinda. Mwezi wa kwanza, kasuku wale wadogo wa kijani wanaoishi kwenye miti ya Ixelles walikuwa tayari wanagombania matundu ya viota, kelele asubuhi hadi jioni. Mwezi wa pili, maua ya zambarau yalitoboa majani mabichi kando ya ziwa dogo la Flagey, na nyuki wakayakuta. Viti vya mikahawa vilitolewa nje, na watu wakakaa juani wamefumba macho, mikono ya mashati imekunjwa. Dirishani mwa duka moja la Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Ixelles, buti za manyoya zilikaa tangu mwezi wa kumi mpaka nikazizoea kama majirani.

Haya yote mpwa wangu aliyapiga picha. Na picha zote alizituma nyumbani: yeye na fulana kando ya maji, yeye na aiskrimu, yeye na nyuki. Chini ya moja aliandika, "Hiver ya Tantine." Dada zangu walicheka kwa herufi kubwa. Mama hakuandika kitu. Alipiga simu.

"Mwanangu," alisema, "nimeona mutoto anakula glace."

"Mama, ni siku moja tu ile."

"Nimehesabu picha. Ni siku makumi mbili na tatu. Alors, nakuja mwezi wa tatu. Ao kuko kitu ingine kinanikataza?"

Nilitazama pazia la plastiki. Lilikuwa limetulia, kimya, halina msaada wowote.

"Hakuna, Mama," nilisema. "Karibu."

Kumwalika mzazi kuna karatasi zake, na mwenyeji ndiye anayezisaini. Nilizisaini zote. Tangu siku hiyo nilianza kufanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika maisha yangu: kuomba baridi. Asubuhi kabla ya kazi nilifungua simu kutazama utabiri, na moyo wangu uliruka nikiona wingu. Nilitaka theluji, hata kidogo. Nilitaka Mama akanyage barafu mlangoni, atetemeke, aseme, "Kumbe mtoto wangu alikuwa na haki," na aone dushi akiwa ameshajaa huruma. Mzee wa chini naye alikuwa upande wangu. Kila siku alinihakikishia kwamba baridi haijafutwa, imechelewa tu. Siku Mama anatua, aliniita kwenye ngazi, akanong'ona, "Dix-sept." Kumi na saba. Aliniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyelifungulia joto.

Mama alitokea uwanja wa ndege akiwa amevaa sweta tatu, koti la marehemu Baba, kilemba juu ya kofia, na glavu. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Wasafiri wengine walikuwa na mikono mifupi. Katika sanduku lake, lililofungwa kwa vitenge viwili ili lisibonyee, kulikuwa na mbabula.

Mbabula ni jiko la makaa, la bati, lenye matundu ubavuni na miguu mifupi. Msomaji asiyetoka Katanga huenda anajiuliza mtu wa Afrika alifundishwa na nani kuota moto. Naomba ajue kwamba Lubumbashi iko juu, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi ya kweli. Watu wanaizunguka mbabula nje ya nyumba na vikombe vyao mkononi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Mama aliyasikia maneno yangu ya miaka kumi na miwili akayapima kwa kipimo alichonacho. Kama mwezi wa sita wetu unahitaji mbabula moja, baridi inayopita ukutani itahitaji nini? Akaenda kwa fundi wa mtaani akatengenezewa mpya, ndogo, ya safari. Makaa walimnyang'anya uwanja wa ndege wa kule, na bado alikuwa na hasira nao.

"Nimeleta kwa sababu yako," alisema, akiiweka katikati ya chumba changu. "Unaishi na baridi vile, hakuna aliyekuletea moto."

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini tulikuwa ghorofa ya nne, ingenipeleka kwa mzee wa chini tu.

Nilimweleza taratibu kwamba humu ndani haiwashwi, hata makaa yakiwa mekundu na moshi umekwisha, kwa sababu hewa yake inaua kimya katika chumba kilichofungwa.

"Unanifundisha mbabula, miye?" aliuliza. "Nimekulea juu yake."

"Nakufundisha madirisha ya huku, Mama. Hayapitishi hewa."

"Hayapitishi hewa," alirudia polepole. "Lakini baridi inapita ukutani."

Mpwa wangu aligeuka akaanza kuosha kikombe kisafi.

Kisha Mama akaomba kuoga. Nikamwonyesha. Alilitazama pazia, akalitazama jiko, akasema "Bon," akachukua taulo. Ni hivyo tu. Wala hakuuliza salle de bain imekwenda wapi. Maharage yalikuwa motoni, na baada ya dakika chache sauti yake ilitoka nyuma ya pazia, katikati ya maji, ikimwamuru mpwa wangu apunguze moto, aongeze chumvi, si hiyo, ile nyingine. Nilikaa kitandani nikisubiri hukumu, na hukumu haikuja. Hilo lilinitesa kuliko kelele. Namjua Mama, asipolisema jambo, amelihifadhi.

Alichokichunguza kila asubuhi ni kitu kimoja. Alifungua dirisha, akatoa pua nje, akanusa.

"Leo tena haikukuja," alisema, na kuvua sweta moja. Siku ya nne alikuwa amebaki na blauzi.

Kwenye ngazi alikutana na mzee wa chini. "Papa," alimwambia kwa Kifaransa, ingawa nadhani wanalingana umri, "baridi yenu mumeificha wapi?"

Mzee alivua kofia. "Madame, kwa kawaida tunayo. Nakuapia."

"Mwanangu naye anaapa sana," Mama alijibu, akaendelea kupanda.

Jumamosi ilikuja na jua la kupendeza, na sisi watatu tukaenda soko la Flagey. Nilimsihi Mama achukue koti. Nilimweleza kwamba mwezi wa tatu huku hauaminiki, jua la asubuhi halitoi ahadi ya saa sita mchana. Alishuka ngazi na kitenge, blauzi na malapa, mkono mmoja umeshika ukuta na mwingine umeshika kikapu, kama mtu anayekwenda kukanusha jambo mbele ya watu. Mpwa wangu, ambaye huwa mwepesi wa kujifunza, alikuwa amebeba lile koti la sufi begani.

Tulipokuwa tukichagua vitunguu, mwanga ulibadilika. Sijui kulieleza vizuri kwa asiyewahi kuliona: jua bado linawaka upande mmoja wa uwanja, na upande mwingine anga imekuwa rangi ya sufuria. Upepo ukainua karatasi. Tulikimbilia chini ya turubai la muuza jibini, na hapo mvua ya mawe ikaanguka kwa kishindo, mawe madogo meupe yakirukaruka juu ya lami na kuingia katika kikapu cha Mama.

"Unaona!" nilipiga kelele. "Mama, unaona!"

Mama aliokota jiwe moja, akalitia mdomoni, akalionja. "Mvua ya mawe," alisema. "Hata kwetu iko. Ilivunja paa ya shule yako, umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Jua likatoka. Muuza jibini akacheka, akakung'uta turubai, tukajiandaa kuondoka. Dakika tano baadaye anga ikafunga tena, hewa ikashuka ghafla kama mtu amefungua friji, na kitu kikaanza kuteremka polepole, bila sauti, vipande vikubwa vyenye unyevu. Theluji. Ya kwanza mwaka ule, tukiwa karibu na Pasaka, juu ya miti iliyokwisha kuchanua.

Mpwa wangu aliacha kutania. Mama alinyoosha mkono nje ya turubai, kipande kikatua juu ya kiganja, akakitazama kikiyeyuka. Vidole vya miguu yake ndani ya malapa vilikuwa vimejikunja. Tulimvisha koti la sufi, akaingia lote mpaka puani.

"Bon," alisema kutoka ndani ya koti. "Iko kweli. Baridi nimeiona." Kisha akageuka akanitazama mimi, wala si theluji. "Sasa uniambie. Ni hii njo ilinikataza miaka kumi na mbili?"

Nilikuwa na ushahidi wangu. Ulikuwa unaanguka mbele ya macho yake, mweupe, wa kutosha kabisa. Ningesema ndiyo, na ningeshinda.

"Hapana, Mama," nilisema. "Ni dushi."

"Dushi gani?"

"Iko jikoni. Nilikuambia nina salle de bain. Ulitangaza kanisani. Nikaona aibu uje ukute uongo."

Hakucheka. Muuza jibini alijifanya anapanga jibini. Theluji ilikuwa imeanza kupungua, na nyuma yake jua lilishatokea tena, ovyo tu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mutoto huyu," Mama alisema hatimaye, akimwambia mpwa wangu kana kwamba mimi sipo. "Miaka kumi na mbili niko naomba Mungu anionyeshe nilimukosea nini, asitake nifike kwake. Kumbe ni mahali pa kuogea."

Hilo lilinichoma kuliko hasira yoyote, nami nikamshika mkono ndani ya lile koti. Aliniacha niushike. Baadaye akaubana.

"Na dushi ile ina kosa gani?" aliuliza. "Tangu nifike nimeoga mara tano, na maharage haijaungua hata mara moja. Kule nyumbani nikienda kuoga, chungu kinaungua. Hapa naona kila kitu."

"Hata mimi namuona Kambo," alisema mpwa wangu, akimwita bibi yake kwa jina letu la nyumbani. "Anatoa mkono, anaonja chumvi, anaurudisha."

Hapo Mama alicheka, na muuza jibini, ambaye hakuelewa neno hata moja, alicheka naye.

Tulirudi kupitia Matonge, tukanunua mahindi mabichi na mfuko wa makaa. Mama alitaka mbabula yake ifanye kazi iliyoletewa. Mzee wa chini alitupatia ua lake kwa furaha, maana alikuwa ameiona theluji dirishani na alitaka mtu wa kumwambia, "Si niliwaambia!" Alilisema mara tatu. Tukawasha. Makaa yalipokuwa mekundu, jua lilikuwa kali, matone ya mwisho ya theluji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ua jekundu, na kipimajoto ukutani kilisoma kumi na tatu. Tulikaa pale wanne tukizunguka moto ambao hakuna aliyeuhitaji, tukitoka jasho, tukila mahindi. Mzee alisogeza kiti chake nyuma kidogo. Mama akamwambia asogee karibu, asiogope, baridi ya huku ni ya hila.

Kisha akapiga simu nyumbani. Dada yangu mkubwa alipokea, na kwa kelele za nyuma nilijua wamejaa ukumbini wakisubiri habari. Nilishika hindi langu nikaacha kutafuna.

"Baridi?" Mama alisema. "Nimeiona! Mingi! Imeniangukia mu kiganja." Akasikiliza. "Salle de bain? Ah, bale batu ya huku beko na akili. Baliiweka karibu na moto, muntu anaoga na anapika pamoja. Sisi tuko nyuma." Akasikiliza tena, na nikamwona ananitazama juu ya moshi mwembamba, jicho moja limefinywa kwa sababu ya jua.

"Nywele?" alisema. "Zinakatika kama tambi, kabisa. Nimejionea."